Hapatikani

Ndugu zangu wa Nakivale, na nyinyi wa mashirika mnaosoma karatasi zetu hizi wakati wa chai ya saa nne, leo mnivumilie. Sikuja kumpongeza mtu.

Jirani yangu ni mama wa miaka sabini na kitu. Jina lake siliandiki. Amekaa kwenye nyumba ile ile ya udongo zaidi ya miaka kumi, mlango wake unatazama bomba la maji, na ukimwuliza hata mtoto wa miaka mitano atakushika mkono akufikishe. Mwaka wa 2025 shirika moja lilikuwa linahakiki majina ya wazee na wajane watakaopewa pesa kidogo ya kujikimu. Waliokubaliwa walitumiwa mesaji: njoo siku fulani, saa fulani, na karatasi ya familia. Mama alikuwa kwenye orodha. Siku ikafika, ikapita. Wiki tatu baadaye tuliposikia na kwenda kuuliza, kijana wa ofisi alifungua kompyuta yake, akatafuta, akatugeuzia kioo tuone wenyewe. Mbele ya jina la mama paliandikwa maneno ya Kiingereza. Kijana akatufasiria: hakupatikana.

Mama akanigeukia. "Banasema sikupatikana? Sasa mimi nilienda wapi?"

Swali hilo sikuweza kulijibu siku ile. Nimelibeba mpaka leo, na makala hii ndiyo jibu langu, ijapokuwa yeye hasomi.

Nianze na kosa langu, maana mtu akitaka kuwasema wengine aanze kwake. Namba iliyoandikwa kwenye kompyuta ile ilikuwa ya laini niliyomsajilia mimi. Karatasi yake ya familia ilikuwa imechanika kwenye mkunjo, mtu wa duka la simu akaikataa, nikatoa kitambulisho changu cha mkimbizi, tukaandikisha kwa jina langu. Ikawa yake kwa matumizi, yangu kwa karatasi. Miezi ikapita. Simu yangu ikaharibika, nikamwomba laini yake kwa siku chache niende nayo Mbarara. Kwenye basi nikaibiwa. Kuirudisha kulihitaji mwenye jina aende mwenyewe dukani na vidole vyake, yaani mimi. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho ile haikufika. Laini ikikaa miezi bila kutumika, kampuni huichukua na kuwapa watu wengine, na namba ya mama ikaenda kwa mtu tusiyemjua. Mesaji ya pesa yake ililia kwenye mfuko wa mtu huyo. Labda aliisoma, akaifuta, akaendelea na shughuli zake.

Basi, mzembe mmoja ameshajulikana, na ndiye anayeandika. Lakini uzembe wangu peke yangu haukutosha kumnyima bibi kizee posho yake. Ulihitaji kusaidiwa, na waliousaidia ni watu wenye ofisi, wenye sheria na wenye bajeti.

Kwa nini laini za watu wengi hapa ziko kwa majina ya watu wengine? Vijana wa leo hawajui, au wamesahau. Serikali ya Uganda ilipokaza usajili wa laini, mnamo 2018, ulitakiwa uwe na kitambulisho cha taifa kama wewe ni Mganda, au pasipoti kama wewe ni mgeni. Mkimbizi hana hiki wala kile. Aliyetoka Masisi usiku na mtoto mgongoni hakupita kwanza kuchukua pasipoti. Ndipo kila mtu akatafuta mlango wa nyuma. Ukamlipa mtu wa boda, akakusajilia kwa jina lake. Ukamwomba mwenye shamba unakolima kibarua. Wengine walinunua laini zilizokwisha kusajiliwa kwa majina ya watu ambao hawakuwahi kuwaona. Agosti 2019, baada ya kelele nyingi, tume ya mawasiliano ya Uganda iliagiza kampuni zikubali kitambulisho cha mkimbizi na karatasi ya familia inayotolewa na OPM. Lilikuwa jambo jema, tulishukuru, na mpaka leo nchi nyingi zinazopokea wakimbizi hazijafika hapo. Lakini mazoea ya jina la kuazima yalikuwa yameshaota. Mpaka leo duka hili linakubali karatasi, duka lile linaikataa. Karatasi imechanika, vidole vya mzee vimesuguliwa na jembe mpaka mashine haivisomi. Basi mtu anarudi kwenye njia aliyoizoea.

Laini ya jina la mtu mwingine ni kama kulala kwa jirani. Siku akikasirika unatoka. Pesa uliyotumiwa na mwanao aliye Marekani inaingia kwenye jina la mwenye boda, na siku mkigombana atakwenda dukani na kitambulisho chake, airudishe laini yake, na pesa yako iondoke nayo. Utamshtaki wapi? Kwenye karatasi laini ni yake.

Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 27, unasema kwamba nchi itampa kitambulisho mkimbizi yeyote aliye ndani yake asiye na hati halali ya kusafiria. Ni sentensi moja tu, fupi. Walioiandika hawakuwa na simu mfukoni, lakini walijua kwamba mtu asiye na karatasi hana mlango wa kubisha. Siku hizi mlango wenyewe ni simu. Kwa hiyo anayechelewesha karatasi ya mtu anamzimia simu. Hahitaji kukata waya wowote.

Hapo ndipo ninapogombana na neno mnalolipenda nyinyi wa mashirika. Mnasema sisi "hatujaunganishwa". Mnaandika ripoti kwamba wakimbizi wako nje ya mtandao, mnaomba fedha za kutuingiza. Nami nasema si kweli. Tumeunganishwa sana, ila ni upande mmoja tu.

Kumbukeni 2018. Baada ya ile kashfa ya majina hewa, OPM na UNHCR waliendesha uhakiki wa nchi nzima. Kuanzia Machi mpaka Oktoba tulipanga mistari, tukatoa vidole, tukatoa macho kwenye kile kidude cha kupiga picha ya mboni. Kabla ya hapo vitabu vilisema Uganda ina wakimbizi milioni 1.4, walipomaliza kuhesabu, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1. Sipingi uhakiki. Kulikuwa na wizi, na aliyeibiwa ni sisi, kwa sababu kila jina hewa lilikula unga wa mtu mwenye tumbo. Ninachosema ni hiki: siku ile mama jirani yangu alipatikana. Walimpata na mboni zake mbili na vidole kumi. Hawakumwambia hapatikani. Alisimama juani tangu asubuhi, akapatikana kikamilifu, na mpaka leo macho yake yamo ndani ya mashine mahali fulani. Wakitaka kujua kama amechukua posho mara mbili, watajua kwa sekunde. Lakini yeye akitaka kujua kwa nini jina lake limekatwa, anaambiwa apige simu.

Na hayo macho yetu yako wapi hasa? Nani anayatazama? Tukiuliza tunaambiwa data ziko salama. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza yenyewe kwamba wadukuzi wameingia kwenye kumbukumbu zake zenye habari za watu zaidi ya 515,000. Watu gani? Waliopotezana na jamaa zao katika vita na safari, waliokuwa wakitafutana. Watu kama sisi. Na mwaka uliotangulia, Juni 2021, Human Rights Watch iliandika kwamba habari za Warohingya walioandikishwa Bangladesh zilifika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia. UNHCR ilijibu kwamba watu waliulizwa na wakakubali. Huenda. Nami naulizwa hapa: "Unakubali?" huku mstari nyuma yangu una watu mia tatu na unga uko mbele. Tangu lini mtu mwenye njaa akakataa kubonyeza?

Sasa nije kwenye meza.

Waliokaa hapa muda mrefu wanaikumbuka. Ilikuwa meza ya mbao, chini ya mti, mara moja kwa wiki, na nyuma yake alikaa mtu wa shirika na daftari na mkalimani mmoja. Ulikuja na shida yako, ukakaa kwenye benchi, ukasubiri. Meza ile haikuwa mbinguni. Nitasema na ubaya wake: mkalimani alikuwa na ndugu zake, na ndugu zake hawakukaa kwenye benchi. Wapo walioombwa "soda". Na msichana aliyefanyiwa ubaya na mtu mwenye cheo hakuweza kulisema pale, macho ya kijiji kizima yakimtazama mgongoni. Kwa huyo, simu ya bure ilikuwa msaada mkubwa, na yeyote atakayesema ifutwe nitampinga kwanza mimi. Simu ilikuja kuwa mlango wa pili. Ubaya ulianza walipoufunga wa kwanza.

Mwaka wa 2025 fedha zilikatwa. Kila mtu anajua. Marekani ilifunga mfuko, WFP ikawaondoa watu wapatao milioni moja kwenye msaada wa chakula hapa Uganda, ofisi zikapunguza watu. Sina hasira na mfanyakazi aliyeachishwa kazi. Wengine walikuwa rafiki zangu, na wameondoka wakilia. Lakini tazameni ni nini kilichokatwa kwanza. Meza ilikatwa. Siku moja tulifika tukakuta mti na kivuli chake, na kwenye mlango wa ofisi karatasi imebandikwa: kwa maswali yote piga namba hii, ni bure.

Bure! Kuchaji simu dukani ninalipa shilingi 500. Nyumbani kwa mama hakuna sola, na hata simu yenyewe ni ya kuomba. Kwenye bonde letu mtandao haushiki. Tunapanda kilimani, vijana wanakuita pale "kwa balozi". Mama wa miaka sabini apande kilima akapige simu ya bure. Akifika juu, anapokelewa na sauti ya mashine: kwa lugha hii bonyeza moja, kwa lugha ile bonyeza mbili. Halafu muziki. Siku moja nilikaa naye kule juu tangu saa mbili asubuhi, nikapiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja akapokea dada mwenye sauti nzuri na heshima, akaniuliza namba ya familia, akaandika, akasema kesi imefunguliwa na tutapigiwa. Nikamwuliza, mtapiga namba gani? Akasema ile iliyo kwenye mfumo. Nikamwambia, dada yangu, ile iliyo kwenye mfumo ndiyo shida tuliyoipigia. Akasema kuibadilisha mhusika anatakiwa afike ofisini mwenyewe. Ofisini kuna karatasi mlangoni. Inasema piga simu.

Nawaomba wa mashirika msicheke. Najua mnacheka kwa uchungu, lakini msicheke.

Na mwezi ule ule, niamini ndugu msomaji, ikaja semina. Siku tatu, chai na mandazi, fulana zenye maandishi mgongoni, somo: ujuzi wa dijitali kwa wakimbizi. Nilihudhuria, fulana ninayo. Tulifundishwa namna ya kutengeneza nywila yenye nguvu. Mwalimu alikuwa mzuri na alijua kazi yake. Lakini kuna uongo mmoja unaopita kwenye semina zote hizi bila kusemwa kwa mdomo: kwamba tatizo ni ujinga wetu. Kwamba mama angejua kubonyeza, angepata haki yake. Hapana. Vijana wetu wanajua kubonyeza kuliko walimu wao. Wapo wanaotengeneza simu zilizokufa kwa waya na pasi ya kuchomelea, na taa ya betri ya pikipiki. Bibi anayetumia WhatsApp ya mjukuu kumtumia sauti dada yake aliye Bukavu anajua anachofanya. Hatukosi ujuzi. Tunakosa mtu wa kujibu upande wa pili. Mnatufundisha kubisha hodi vizuri huku nyumba haina mtu.

Wapo watakaosema, mwandishi, wewe unalia na simu wakati watu wanalala njaa, chakula kwanza. Maneno haya nimeyasikia hata kwa wazee wetu wenye hekima. Nawaheshimu, ila hesabu zao ni za zamani. Unga wenyewe siku hizi unapita kwenye simu. Orodha inakuja kwa mesaji, pesa inakuja kwa mesaji, siku ya kugawa inabadilishwa kwa mesaji, na hata kusema hukupata ni kwa simu. Anayesema chakula kwanza na simu baadaye hajaona kwamba vimefungwa kwenye fundo moja, na wala si sisi tuliofunga.

Nivuke sasa niguse wakubwa zaidi, kwa adabu, maana mimi ni mgeni na mgeni ana mipaka yake.

Mkono unaoweza kumwondoa mama mmoja kwenye orodha kwa kutompata ni mdogo. Kuna mkono unaoizima nchi nzima. Uganda, siku ya uchaguzi wa 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilizimwa, na huduma ya pesa kwa simu pia. Januari 2021, usiku wa kuamkia kura, intaneti yote ikazimwa kwa siku tano, na Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Sisi hatupigi kura hapa. Hatuna kadi, hatuna mgombea, hatuvai rangi ya chama. Lakini tulizimwa sawasawa na wapiga kura. Mganda aliyezimiwa intaneti alikuwa bado na shangazi yake kijiji cha pili, angetembea. Shangazi yangu mimi yuko ng'ambo ya mpaka. Simu ya kawaida ilifanya kazi, ndiyo, lakini kupiga Kongo kwa dakika chache ni bei ya unga wa siku mbili. Kwetu WhatsApp si starehe. Ndiyo ukoo wenyewe.

Na msidhani nasema Uganda tu. Kwetu Kongo walizima 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, wakawasha baada ya siku 20. Walisema wanazuia matokeo ya uongo yasisambae. Matangazo ya RFI nayo yakakatwa. Beni na Butembo walikuwa hata hawajapiga kura, walisogezwa mpaka Machi. Nilikuwa hapa, nikiwatazama wazee wa Kivu wamezunguka radio moja, kila mtu ana matokeo yake, yaliyoletwa na dereva wa lori. Je, uongo ulizuiwa? Sijawahi kusikia uongo mwingi kama wa zile siku 20. Uongo hauhitaji intaneti, unatembea kwa miguu vizuri tu. Kilichokosa njia ni habari ya mtu kusema "mimi niko hai, kwetu pako hivi". Warundi tunaoishi nao hapa watawasimulia Aprili 2015, radio zilipoanza kufungwa na WhatsApp na Facebook kuzuiwa kwenye simu, watu wakiwa barabarani Bujumbura. Wengi waliondoka wakati ule kwa sababu hawakujua kinachoendelea mtaa wa pili. Giza peke yake linatosha kumfanya mtu akimbie. Huko ndiko tunakotoka, ndugu. Wengine humu ni wakimbizi wa giza.

Januari 2025 Goma ilipoingiliwa na M23, umeme ulikatika, intaneti ikakatika. Dada yangu yuko Ndosho na watoto wanne. Nilimwandikia: "Mko?" Tiki moja. Mnaijua tiki moja, hata nyinyi wa mashirika mnaijua: ujumbe umetoka kwako na haujafika kwake. Siku ya kwanza, tiki moja. Siku ya pili. Kijiji kizima cha Wakongo kilikuwa kinatembea kimeinamia simu. Kilimani usiku palikuwa na watu kama mia, taa za simu zinawaka kama vimulimuli, na hakuna aliyezungumza. Siku ya nne ikaja tiki ya pili. Hakujibu, ila tiki zilikuwa mbili. Nilikaa chini kwenye majani. Jibu lilikuja kesho yake, neno moja: "Tuko."

Nawaeleza haya ili mnielewe ninaposema kwamba tiki moja ni siasa. Aliyeweka mkono kwenye swichi, awe ni serikali, ni waasi, ni kampuni iliyopewa amri, au ni ofisi ndogo yenye karatasi mlangoni, anatupa tiki moja. Ujumbe wetu unatoka na wake haurudi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeshaandika katika tamko lake la 2019 kwamba serikali hazitakata intaneti. Limeandikwa vizuri. Hatuna jeshi la kulisimamia. Lakini meza ya mbao chini ya mti, hiyo haihitaji tume wala jeshi. Inahitaji seremala na mtu mmoja wa kukaa.

Kabla sijamaliza nirudi kwetu wenyewe, wakazi, nisije nikaonekana nawapiga mawe wenye viti tu. Kuna vijana hapa, nawajua kwa majina, wanasoma mesaji za wazee kwa shilingi 1,000. Mzee hajui kama ameambiwa aje Jumanne au Alhamisi, analipa kwanza. Kuna waume wanaokaa na simu ya nyumba mfukoni mchana kutwa, mke akisubiri mesaji ya kliniki anaambiwa hakuna kitu. Kuna viongozi wa vijiji wanaopokea tangazo kwenye kikundi cha WhatsApp na kulipeleka kwa watu wa kabila lao kwanza. Hao nao wanakata mtandao, bila serikali wala mnara.

Tena wapo wasiotaka kupatikana, na hao mnawasahau kabisa mnapopanga kila kitu kipite kwenye simu. Namjua mwanamke aliyeitupa laini yake ziwani Nakivale kwa sababu mtu aliyemkimbia kule nyumbani alikuwa ameipata namba. Hana simu kwa makusudi. Ni usalama wake. Kwenye mfumo wenu atasomeka hivyo hivyo kama mama jirani yangu: hapatikani. Mmoja hakupatikana kwa uzembe wangu na mlango wenu uliofungwa, mwingine kwa sababu kutopatikana ndiko kunakomwacha hai, na kompyuta inawapa wote wawili neno moja, halafu inawakata wote wawili.

Ninachodai hakihitaji mfadhili mpya. Jina lisikatwe kwa sababu simu haikupokelewa. Atumwe mtu kwa miguu, mwenyekiti wa kijiji anazijua nyumba zote. Orodha zibandikwe ubaoni zikiwa na namba za familia, si majina, ili anayejificha abaki amejificha. Kubadilisha namba ya simu kuwezekane kwa karatasi na mashahidi wawili. Na meza irudi, hata kama ni nusu siku kwa wiki, pamoja na simu ya bure. Mkalimani abadilishwe kila mwezi, mnajua sababu.

Mkiniambia hakuna fedha ya mtu wa kukaa mezani, nitaomba nioneshwe bajeti ya fulana.

Upande wangu nimeanza na dogo. Nimekwenda dukani mara tatu, mara ya tatu wameikubali karatasi yake iliyochanika baada ya kuibandika kwa gundi na kuipigia nakala, na sasa mama ana laini kwa jina lake. Namba hiyo bado haimo kwenye mfumo. Jumatatu tutakwenda ofisini, mimi na yeye, na wazee wengine sita kutoka kijiji chetu ambao nao hawakupatikana. Tutakaa chini ya ule mti kuanzia saa mbili. Tumeshaambiwa tupige simu. Hatutapiga.